Chunusi zinatunzwa nyumbani, siyo kwa pomadi ya kuchubua

Kwa machimbo ya Kabambare na Kasongo, vijana wengi wanapakaa uso pomadi kali kusudi chunusi ziishe mbio. Zingine kati ya pomadi hizo ziko na zebaki, ile ile tunayokamatia dhahabu. Hapa tunaeleza chunusi ni nini, namna ya kuzitunza kwa pesa kidogo, na wakati gani mutu anapashwa kwenda kuona munganga.

Siku pesa imetoka, kuanzia Salamabila mpaka Kasongo, meza za pomadi hazikosi watu. Kuna matyubu na makopo ya kila rangi: ya kung'arisha uso, ya kutosha madoa, ya kumaliza mabuto kwa siku tatu. Muuzaji haulizwi ndani mwake kuna nini, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui. Binti wa miaka 16 ananunua juu ya chunusi za paji la uso. Kijana wa shimo ananunua juu kidevu chake kimejaa vipele tangu alipoanza kunyoa. Mama ananunua juu ya madoa meusi yaliyobaki kisha chunusi kuisha. Wote watatu wanatafuta uso safi, na wote watatu wanaweza kurudi nyumbani na sumu.

Mutu atauliza: sendika inatafuta nini kwa mambo ya uso? Kazi yetu si ni mashimo yanayobomoka, mishahara na bei ya gramu? Ni kweli. Lakini ngozi ya muchimbaji inaingia naye ndani ya shimo. Jasho, kaske, mazuti na zebaki vyote vinapita juu yake. Tena pesa ya pomadi inatoka kwa jasho lile lile. Kama pesa ile inanunua ugonjwa wa figo kwa bibi ao kwa mutoto, basi ni mambo ya wafanyakazi.

Chunusi ni nini kweli

Kila unywele wa mwili unatoka ndani ya katundu kadogo, na pembeni ya katundu kale kuna tezi inayotoa mafuta. Mafuta hayo ni mazuri, yanalinda ngozi isikauke. Wakati mutoto anaanza kuwa mukubwa, homoni za mwili zinaamusha tezi zile, mafuta yanakuwa mengi. Ngozi iliyokufa inachanganyika na mafuta, inaziba tundu. Ndani ya tundu lililozibwa, vijidudu vinavyoishi kwa ngozi ya kila mutu vinaongezeka, mwili unapigana navyo, na pale ngozi inavimba, inakuwa nyekundu ao nyeusi zaidi, mara ingine na usaha. Ile njo chunusi.

Sababu hiyo inaonekana zaidi mahali tezi za mafuta ziko nyingi: usoni, kifuani, mabegani na mugongoni. Duniani kote, zaidi ya vijana 8 kwa 10 wanaipata kati ya miaka 12 na 24. Wengine, zaidi sana wanawake, wanaendelea nayo mpaka miaka 30 ao 40, na inapanda siku chache mbele ya hezi. Kama baba ao mama alikuwa nazo nyingi, watoto nao wanaweza kuzipata.

Tukijua hivi, maneno mingi ya kartiye yanaanguka. Chunusi siyo uchafu. Kale kadoa keusi katikati ya kipele siyo vumbi, ni mafuta na ngozi iliyokufa vilivyoguswa na hewa. Hata ukisugua mpaka damu itoke hakaondoki. Chunusi siyo ulozi, siyo damu mbaya, siyo alama ya binti anayehitaji mwanaume ao kijana anayehitaji bibi. Na haziambukizi: mutu anaweza kukumbatia mutoto wake bila woga. Kuna watoto wanaoacha kujibu mwalimu darasani juu wenzao wanawacheka uso. Wazazi wasiongeze kicheko chao juu ya kile.

Kazi inavyoongeza chunusi

Udongo wenyewe hauleti chunusi. Kinachozileta ao kuzizidisha ni vitu vitatu.

Cha kwanza ni musuguano pamoja na jasho. Mukanda wa kaske, mupira wa toche ya kichwa, kitambaa kinachofungwa juu ya pua kwa ajili ya vumbi, na mufuko wa mawe unaobebwa mugongoni: vyote vinakandamiza ngozi iliyolowa. Kisha muda, vipele vinafuata kabisa njia ya mukanda. Angalia paji la uso la mwenye kuvaa toche kila siku, utaona mustari.

Cha pili ni mafuta ya mashine. Mwenye kutumika kwa motere, kwa pampu ya maji ao kwa mashine ya kusaga mawe anavaa suruali iliyolowa mazuti na mafuta ya motere wiki nzima. Mafuta yale yanaziba matundu ya mapaja na mikono, na vipele vyeusi vinatoka mahali ambapo chunusi ya kawaida haitoki. Wafaransa wana jina lake, boutons d'huile, na ni ugonjwa wa kazi unaojulikana tangu zamani. Dawa yake ya kwanza ni kufua nguo, siyo pomadi.

Cha tatu ni maji. Mutu anatoka shimoni saa kumi, mutoni ambapo wanaosha mawe maji ni ya udongo, sabuni hakuna, analala na jasho lake mpaka asubuhi. Hatumulaumu. Lakini maji na sabuni kwa mulango wa machimbo si zawadi, na tutarudi kwa neno hilo mbele ya kumaliza.

Asubuhi na mangaribi: kazi ya dakika tano

Matunzo ya chunusi nyumbani hayana siri. Yanahitaji uvumilivu kuliko pesa.

Nawa uso mara mbili kwa siku, asubuhi na mangaribi, na tena kama umetoka shimoni na jasho. Maji yawe safi. Kama ni ya muto wenye udongo, acha yatulie, chuja na kitambaa, chemsha, ngojea yapoe. Mvua nayo ni nzuri kama imekingwa kwa chombo safi. Tumikisha sabuni laini isiyo na harufu kali, kwa mufano ile ya watoto wadogo. Sabuni ya kufulia nguo na unga wa kufulia vinakausha ngozi sana, na ngozi iliyochunwa inavimba zaidi. Tumikisha vidole, siyo wavu, siyo jiwe, siyo muchanga. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa chako peke yako, siyo kile cha nyumba nzima.

Kisha kunawa, ukiwa na uwezo, dawa ya kwanza ya kuuliza farmasi ni ile imeandikwa kwa sanduku peroxyde de benzoyle, ya 2,5 ao ya 5 kwa 100. Inaua vijidudu na inafungua matundu. Anza mangaribi moja, ruka moja, kusudi ngozi izoee. Kisha wiki mbili pakaa kila mangaribi. Chukua kiasi cha punje ya haragwe kwa uso muzima, usipakae juu ya kipele kimoja kimoja, juu dawa inazuia vile vinavyokuja, haifuti paka vile vinavyoonekana. Inaweza kuuma kidogo na kukausha mwanzoni. Chunga nguo: inatosha rangi ya kitambaa, muto wa kitanda na shati. Kama uso unavimba ao unawasha sana, iache.

Kama hiyo haipatikani, acide salicylique ya 2 kwa 100 inasaidia kufungua matundu. Acide azélaïque inasaidia chunusi pamoja na madoa, na munganga anaweza kuikubali hata kwa mama mwenye mimba. Adapalène nayo ni dawa nzuri, lakini mwenye mimba asiiguse. Kila mara angalia tarehe ya kuisha na kama tyubu ilikaa juani: dawa iliyopikwa na jua la soko imeshapoteza nguvu.

Sasa neno gumu: hakuna dawa ya chunusi inayotumika kwa siku tatu. Muda wa kweli ni wiki 8 mpaka 12. Watu wengi wanaacha kwa wiki ya pili, wanasema dawa ni bure, wanahamia pomadi ingine. Panda muhogo leo, hauendi kuchimbua kesho.

Juu ya mafuta: mawese ni ya chungu na kwa ngozi ya miguu haina shida, lakini usoni mwa mwenye chunusi yanaongeza kuziba. Ni vile vile kwa mafuta ya nazi na siagi ya kakao. Mwenye kupaka mafuta mengi kwa nywele asiache yashuke kwa paji la uso, na afunge kichwa na kitambaa safi wakati wa kulala. Kama dawa imekausha uso, pakaa kremu nyepesi isiyo na harufu, kidogo sana. Mutu mwenye mukanda wa kaske aupanguse kila siku na aweke kitambaa safi chini yake. Nguo ya mafuta ya motere isirudi mwilini mbele ya kufuliwa.

Usikamue

Kwa ngozi yetu nyeusi, vita kubwa siyo chunusi yenyewe, ni doa linalobaki. Kila mara ngozi inavimba, inatoa rangi zaidi pale ilipoumia. Ukikamua kwa kucha, unasukuma usaha ndani, unapanua kidonda, na doa lililopashwa kuisha kwa wiki chache linakaa miezi ao mwaka. Ukikamua kila siku, linakuwa shimo ao kovu, na kovu haliondoki kwa sabuni.

Doa lenyewe linapunguka polepole bila kitu, kama chunusi mpya zimesimama na jua halilichomi. Kofia ya ukingo mpana inasaidia. Ndimu haisaidii: juisi ya ndimu usoni kisha jua la saa sita inaunguza ngozi na kuacha doa kubwa kuliko la kwanza. Dawa ya meno, majivu na maji ya javel navyo vinaunguza. Na ile desturi ya machimbo ya kupasua kapsili ya antibiotiki na kumwaga unga wake juu ya kipele, iachwe: haiponyeshi chunusi, inafundisha vijidudu kuvumilia dawa, na siku mutoto atapata nimonia dawa ile inaweza kukataa.

Ndani ya tyubu kuna nini

Sasa tuingie kwa meza ya soko. Pomadi zinazouzwa kwa kung'arisha uso na kumaliza mabuto mara nyingi ziko na kimoja ya vitu vitatu, ao vyote pamoja.

Kitu cha kwanza ni dawa za ukoo wa kortizoni. Soma kwa sanduku: clobétasol, bétaméthasone, ao jina lingine linaloishia na -sone. Ni dawa za kweli, munganga anaziandika kwa magonjwa fulani ya ngozi, kwa siku chache. Usoni zinafanya hila. Wiki ya kwanza uvimbe unashuka, uso unalainika, mutu anasifu. Ukiacha, chunusi zinarudi mara mbili, nyingi na ndogo ndogo za sura moja. Unarudilia kupakaa. Hivi njo mutu anafungwa. Kisha miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, mishipa inaonekana, michirizi inatokea, nywele zinaota mashavuni. Ikipakwa mwili muzima kwa muda murefu, inaingia damuni: sukari na tansio vinaweza kupanda, na kidonda hakifungi vizuri, hata kile cha kuzaa kwa kupasuliwa. Kuna matyubu yanayochanganya kortizoni na antibiotiki na dawa ya ukungu. Yanasifiwa kwamba yanaponyesha kila kitu, na usoni ni hatari ile ile.

Kitu cha pili ni hydroquinone. Inazuia ngozi kutengeneza rangi. Ikitumiwa nyingi na kwa muda murefu, inageuka: mashavu na sehemu za chini ya macho zinakuwa na weusi wa bluu unaokataa kutoka. Afrika ya Kusini ilikataza hydroquinone katika pomadi za kuchubua tangu 1990, kisha madaktari wake kuona nyuso zilizoharibika. Côte d'Ivoire ilikataza pomadi za kuchubua mwaka 2015.

Kitu cha tatu ni zebaki. Hapa wachimbaji hawahitaji mwalimu. Tunaijua mukononi: inakimbia kama maji, inakamata dhahabu, inachomwa juu ya moto na moshi wake unabaki ndani ya nyumba. Tunajua watu wa kuchoma dhahabu wanaoanza kutetemeka mikono. Chumvi za zebaki hiyo hiyo zinatiwa ndani ya sabuni na kremu za kuchubua, juu zinazuia rangi ya ngozi. Zinapita ngozi, zinaingia damuni, zinashambulia figo na ubongo. Dalili ni miguu na uso kuvimba, mukojo wenye povu, mikono kutetemeka, kusahau, usingizi kupotea. Mama mwenye mimba anaipitisha kwa mutoto tumboni. Na si yeye peke yake: zebaki inabaki kwa kitambaa, kwa shuka, kwa mukono unaomushika mutoto.

Utaijua namna gani? Kwanza kwa majina: mercure, Hg, calomel, chlorure mercureux, iodure mercurique. Kremu yenyewe mara ingine ina rangi ya majivu. Na kuna alama moja ambayo kila muchimbaji ataielewa mbio kuliko munganga: maandishi yanayosema kremu isiguse dhahabu, feza, aluminiumu ao mapambo. Kwa nini pomadi ya uso iogope pete ya ndoa? Sisi tunajua kinachokamata dhahabu. Kremu isiyo na orodha yoyote ya vitu vilivyo ndani nayo iachwe sokoni.

Dunia imeshatoa sheria juu ya jambo hilo. Huko Japani, kwa muji wa Minamata, kiwanda kilimwaga zebaki ndani ya bahari, watu wakala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa ukajulikana wazi: watu wakapooza, watoto wakazaliwa vilema. Mapatano ya mataifa juu ya zebaki yalipewa jina la muji ule. Yalikubaliwa 2013 na kuanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017. Yalikataza kutengeneza na kuuza nje na ndani pomadi zenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni kuanzia 2020, na mukutano wa 2023 ukaamua kwamba hata kile kidogo kiishe kufika 2025. Mapatano yale yale yanazungumza juu ya wachimba dhahabu wadogo. Sisi tuko kwa pande zote mbili za karatasi ile: zebaki ya shimoni na zebaki ya kwa kioo.

Mwenye kuwa na kremu ya zebaki nyumbani aiache leo, anawe, afue vitambaa na shuka. Asiichome moto, juu moshi wake ni ule ule wa kuchoma dhahabu. Aifunge ndani ya mufuko na aiulizie kwa kituo cha afya. Lakini mwenye kupakaa kortizoni mwili muzima kwa miezi mingi asiache gafla bila kuonana na munganga: mwili umeizoea, na kuiachisha kunaenda polepole.

Chakula na usingizi

Hakuna chakula kimoja kinacholeta chunusi. Karanga hazina kosa, pilipili haina kosa. Kinachoonekana ni kwamba vitu vya sukari nyingi, kama sukre za chupa, biskuti na mikate ya sukari, vinaweza kuzizidisha kwa watu wengine, na maziwa vile vile kwa wachache. Muchele wa kwetu Kasongo na bugali wa muhogo vikae mezani, lakini na sombe, maharagwe, samaki na matunda pembeni, siyo peke yake na chai ya sukari. Kunywa maji, lala. Mwenye kutumika zamu ya usiku ajaribu kulala mahali pa giza muchana. Mawazo na uchovu havianzishi chunusi lakini vinazichochea.

Siyo kila kipele ni chunusi

Vipele vya kidevu na shingo kwa mwanaume mwenye ndevu za kujikunja mara nyingi ni nywele zilizorudi ndani ya ngozi kisha kunyolewa karibu sana. Lowesha ndevu na maji ya moto, nyoa kufuata njia ya unywele, acha kafupi badala ya kusafisha kabisa. Wembe ni wa mutu mumoja: kuazimana wembe ndani ya kambi ni njia ya ukimwi na ya homa ya ini.

Vipele vinavyowasha usiku, katikati ya vidole, kwa kiuno na sehemu za siri, na watu wa nyumba moja wote wanajikuna, ni upele wa vijidudu, ule wanaita gale. Nyumba nzima inatunzwa siku moja.

Na homa, kuumwa kichwa, tezi za shingo ao za kinena kuvimba, kisha malengelenge usoni, mikononi, hata ndani ya viganja na chini ya nyayo: fikiria mpox. Ugonjwa huo ulionekana kwa mutu mara ya kwanza katika inchi yetu mwaka 1970, na aina yake mupya ilijulikana kwa wachimbaji na watu wa Kamituga, Kivu ya Kusini, muji wa dhahabu kama yetu, mupaka Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya hatari tarehe 14 Agosti 2024. Chunusi haileti homa, haikai ndani ya viganja. Mwenye dalili zile asipakae kitu, asilale na mutu, aende kituo cha afya siku ile ile.

Wakati wa kwenda kwa munganga

Nenda kama vipele ni vikubwa, vigumu na vinauma ndani. Kama vinaacha mashimo. Kama vimejaza mugongo na kifua. Kama miezi mitatu ya matunzo haikuleta mabadiliko. Ao kama mwanamuke ana chunusi pamoja na hezi zinazopotea na ndevu zinazoota. Munganga anaweza kuandika antibiotiki ya kumeza kwa miezi michache, pamoja na ya kupakaa. Doxycycline haipewi mwenye mimba wala mutoto mudogo. Kuna dawa kali inaitwa isotrétinoïne inayoweza kumaliza chunusi mbaya sana, lakini inaharibu mutoto tumboni, na haipashwi kununuliwa kwa njia ya mukononi hata siku moja. Peleka pia tyubu uliyokuwa unapakaa, usiifiche kwa haya. Munganga asipoijua, anatibu kwa kubahatisha.

Tunachoomba kazini

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inataka mahali pa kazi pawe na komite ya usalama, usafi na kupamba mahali pa kazi. Delege wa sendika anayekaa ndani ya komite ile asiogope kuweka haya kwa karatasi: maji safi na sabuni mahali watu wanatokea shimoni, mahali pa kubadilisha nguo, kusudi nguo ya mazuti isifike kwa kitanda cha mutoto, kitambaa cha kubadilisha chini ya kaske, na zebaki isichomwe karibu na jiko wala ndani ya nyumba ya kulala. Koperative za wachimbaji wadogo hazina bwana wa kuomba, lakini pipa moja la maji na sabuni mulangoni mwa shimo linaweza kulipwa na wote pamoja, na PDG wa shimo achangie wa kwanza.

Kwa nyumba, tunaomba papa na mama wafanye hesabu. Sabuni laini moja na tyubu moja ya dawa ya kweli vinaweza kumaliza miezi miwili. Pomadi ya kuchubua inaisha mbio, inanunuliwa tena, na kila mara ukiiacha uso unakuwa mubaya zaidi, mupaka mutu anakuwa mufungwa wa muuzaji. Binti akiomba pesa ya kremu, usimukatalie kwa kelele. Muulize anataka kutibu nini, someni sanduku pamoja, na kama hamuelewi majina yaliyoandikwa, mupelekeeni infirmye wa kituo cha afya ayasome mbele ya kulipa. Kusoma kwake ni kwa dakika moja, na pesa bado iko mufukoni.